MAKAMO: SOMO KATIKA MABADILIKO YA MWILI NA MOYO MTU AFIKAPO MIAKA ARUBAINI

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, na kumsalia Mtume Muhammad na jamaa zake na Sahaba zake, ijulikane ya kuwa mtoto wa chuoni katika pwani hii, tangu Lamu hata Kilwa, hufundishwa mapema alama za baleghe. Kitabu cha Safinatu n-Najah, alichokitunga Sheikh Salim bin Sumeir wa Hadhramaut, kimezitaja alama hizo karibu na mwanzo wake, na mtoto huzihifadhi kabla hajazielewa: kutimiza miaka 15 ya mwezi, na kuota, na hedhi kwa mwanamke. Ikifika siku yake hashangai sana, kwa kuwa ameambiwa. Lakini mlango wa pili wa umri, ule ufunguliwao baina ya ujana na uzee, hakuna aliyemhifadhisha alama zake. Humjia kama mgeni wa usiku asiyebisha hodi, na mwenye nyumba kwa kutomjua humdhania mwizi, akamshikia gongo.

Waswahili wamempa mtu wa umri huu jina zuri, wakamwita mtu wa makamo. Neno hili asili yake ni Kiarabu, maqam, yaani mahali pa kusimama. Mtu amepanda kilima, amefika juu, amesimama. Nyuma yake aona njia aliyoijia, na mbele yake aona mteremko. Waarabu nao humwita kahl, wakakusudia yule aliyekwisha vuka ujana na mvi zikaanza kumchanganyikia. Na Mwenyezi Mungu ameutaja umri wa miaka 40 kwa hisabu yake katika Surat al-Ahqaf, aya ya 15, pale alipomsifu mtu aliyetimia nguvu zake akafika miaka hiyo, akaomba aongozwe kushukuru neema aliyoneemeshwa yeye na wazazi wake, na kutenda mema, na kutengenezewa kizazi chake. Msomaji na aitazame dua hiyo ilivyopangwa. Wamo ndani yake wazazi, yumo mtu mwenyewe, na wamo watoto. Hii ndiyo hali ya mtu wa makamo hasa: juu yake wako wazee wanaomhitaji, chini yake wako watoto wanaomhitaji, naye yu katikati, na mgongo wake umeanza kumwuma.

Wengi hukosea hisabu. Miaka 40 ya mwezi ni upungufu wa miaka 39 ya jua, yaani miaka 38 na kiasi cha miezi 10. Mwenye kungoja kalenda ya ukutani imwambie kuwa ametimiza arubaini, amekwisha kuitimiza zamani.

Basi somo hili litaelezwa kwa mfano wa mtu mmoja, asiyetajwa jina kwa kuwa wenzake ni wengi, na kila mwenye kusoma atamwona jirani yake ndani yake, au atajiona mwenyewe. Achukuliwe mtu wa pwani aliyekwenda bara akiwa kijana, akakaa Kagerankanda, katika wilaya ya Kasulu, nchi ya Waha. Watu wa pwani waijua nchi hiyo kwa watu wake zaidi kuliko kwa njia zake, kwa kuwa zama za Waingereza Waha wengi waliletwa Tanga na Morogoro kukata mkonge, wakaitwa manamba. Nchi yenyewe iko nyanda za juu, mbali na Ziwa Tanganyika na mji wa Ujiji ambao Uislamu ulitangulia kukaa huko tangu siku za misafara. Ni nchi ya jembe la mkono: mahindi, maharage, mihogo na migomba. Mvua zake ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia Oktoba au Novemba hata Aprili au Mei, na usiku wake una baridi ambayo mtu wa Pangani haijui mpaka aende akalale huko.

Mtu huyo ana miaka 46. Asubuhi yuko shambani, alasiri husomesha watoto Kurani, na ndiye imamu wa msikiti mdogo wa hapo. Watoto humwita Maalim, na mkewe naye humwita hivyo hivyo.

Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa macho. Herufi za msahafu, zilizokuwa zikimtazama naye akizitazama, zilianza kuingia katika ukungu. Nukta ya baa na nukta ya nuni zikawa kitu kimoja. Fataha na kasra zikawa mavumbi. Akaanza kuurudisha msahafu nyuma, na kila mwaka mkono ukazidi kunyoka, hata mkono ukaisha urefu. Mbali aliona vizuri. Akimwona mtu mwenye baiskeli kilimani humtambua. Kwa hiyo akajiambia kuwa macho yake ni mazima, na kilichoharibika ni taa, au chapa ya msahafu, au watoto kukaa mlangoni wakamkingia mwanga.

Matabibu wameieleza sababu yake, na si ugonjwa. Ndani ya jicho mna kioo laini ambacho msuli mdogo hukivuta na kukiachia, kikanenepa mtu atazamapo karibu, kikawa chembamba atazamapo mbali. Kioo hicho huzidi kuwa kigumu tangu utotoni, lakini mtu haoni upungufu mpaka baada ya miaka 40, na afikapo miaka 50 karibu hapana aliyesalimika, awe mfalme au mchunga mbuzi. Dawa yake ni miwani ya kusomea, ambayo nguvu yake huandikwa kwa namba: mwenye miaka arubaini na kitu huanza kwa 1, na mwenye miaka khamsini na kitu hufika 2 au 2 na nusu. Si dawa ya ghali, wala si aibu.

Lakini Maalim aliona ni aibu. Alihifadhi sehemu kubwa ya Kurani, akategemea kichwa chake. Siku moja mtoto mmoja, kijana wa Kiha wa miaka 10, alisoma mbele yake aya, akaifikisha neno lake la mwisho kama lilivyoandikwa. Maalim akamkatiza, akamwambia, "Umekosa, rudia." Mtoto akarudia vile vile. Maalim akamtajia neno jingine, linalofanana na lile, ambalo mahali pake ni sura nyingine. Mtoto akainama, akatazama msahafu, akamtazama Maalim, akasema, "Ndiyo, Maalim," akasoma kama alivyoambiwa. Watoto wote wakalisoma kwa sauti moja.

Usiku ule Maalim hakupata usingizi. Aliondoka akawasha taa, akauweka msahafu mbali juu ya sanduku, akasogea nyuma mpaka herufi zikakusanyika. Mtoto ndiye aliyekuwa sahihi.

Hapa ndipo pana uzito wa jambo hili. Macho kudhoofika si dhambi, ni maumbile, na Surat ar-Rum katika aya ya 54 imekwisha eleza kuwa mwanadamu huumbwa katika udhaifu, akapewa nguvu, kisha baada ya nguvu udhaifu na mvi. Kilichoingiza fisadi ni kuficha. Mtu wa cheo, awe imamu au baba au fundi au nahodha, akificha udhaifu wake, hulazimika kuuegemeza juu ya mtu mwingine, na mara nyingi humwegemezea mdogo asiyeweza kujibu.

Pamoja na macho, mambo mengine huja, na yatajwe kwa ufupi. Nyama za mwili hupungua baada ya miaka 30, baina ya sehemu 3 na 8 katika mia kwa kila miaka kumi, na mahali pake mafuta hukaa, khasa tumboni. Kilima kile kile cha kuendea shamba huonekana kimerefuka. Mkulima wa jembe huchelewa kupungukiwa kuliko karani wa kiti, na hilo ni fadhila ya jembe ambayo wenye kulikimbia hawaihesabu. Masikio hupoteza sauti nyembamba kwanza. Usingizi huwa mwepesi. Majina ya watu hukawia ulimini, ingawa elimu aliyoizoea mtu na maneno aliyoyajua hayapungui, bali kwa wengi huzidi. Shinikizo la damu na kisukari huingia katika umri huu bila ya kupiga kelele, na mwenye kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi huweza kutembea miaka asijue, mpaka kiharusi kimjulishe. Kupimwa ni jambo la dakika chache katika zahanati yoyote.

Na liko jambo ambalo wanaume hawalisemi ila kwa mzaha barazani. Mwanamke hukatikiwa na uzazi, lakini mwanamume hakatikiwi ghafla. Homoni yake ya kiume, iitwayo testosteroni, hushuka polepole, kiasi cha sehemu 1 katika mia kwa mwaka, tangu miaka ya thelathini au arubaini. Hamu hupungua kidogo, na nguvu hukawia. Hilo ni la maumbile. Lakini nguvu zikikatika kabisa kwa mtu wa makamo, asiende kwa mwenye kuuza mizizi sokoni kabla ya kwenda kwa tabibu, kwa kuwa mishipa ya hapo ni myembamba kuliko ya moyo, na ugonjwa wa mishipa au kisukari huweza kujionyesha hapo kwanza. Vidonge vya nguvu vya siku hizi navyo, mwenye kunywa dawa za kifua za namna ya naitreti akavichanganya, damu yake huweza kushuka akafa. Haya yameandikwa wazi kwa kuwa kuona haya kumeua watu.

Sasa arejewe Maalim. Siku zile zile nyumba yake ilianza kubadilika. Mkewe, mama wa watoto wake sita, alikuwa na miaka 48. Mwanamke aliyekuwa mpole akawa mwepesi wa hasira. Usiku, katika baridi ya Kagerankanda ya mwezi wa Julai, ambapo kila mtu hujifunika hata kichwa, yeye huitupa blanketi, akaketi, jasho likimtiririka kifuani, kisha baada ya kitambo akatetemeka. Akitaka kuguswa, husema hataki. Maalim akadhani mambo matatu, na yote matatu yalikuwa ya uwongo: kwanza akadhani mkewe amemchoka, kisha akadhani ana jini, akataka kumwita mwenye kuagua, kisha akadhani, na hii ndiyo iliyomstarehesha, kuwa umefika wakati wa kuoa mke mdogo.

Alimwambia usiku mmoja, "Mama watoto, naona wewe hunitaki tena. Kama ni hivyo, Sharia imenipa njia."

Mkewe akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Maalim, mimi naungua, nawe waniambia njia. Tangu Ramadhani sijaona siku zangu. Nilidhani nina mimba, nikaona haya kukuambia kwa umri huu. Si mimba. Mkunga ameniambia ni kukoma. Wewe macho yako hayaoni na mimi sikukuambia una jini."

Maalim hakuwa na jawabu.

Kukoma kwa hedhi huwajia wengi wa wanawake baina ya miaka 45 na 55, na huhukumiwa kuwa kumetimia baada ya miezi 12 bila ya damu. Sababu yake ni kuwa mayai aliyozaliwa nayo mwanamke yamekaribia kwisha, na homoni iliyokuwa ikitoka pamoja nayo hupungua. Na ubongo, ambao ndani yake mna kipimo cha joto la mwili, huingiliwa, ukadhani mwili umechemka, ukafungua jasho. Joto hilo la ghafla huwapata walio wengi, na huweza kudumu miaka. Hugeuza usingizi, na kukosa usingizi hugeuza tabia. Pia sehemu za siri huwa kavu, na tendo huleta maumivu. Basi mwenye kusema hataki, huenda anasema kuwa anaumia, ila hakupewa lugha ya kulisema. Dawa zake zipo, na mkunga au daktari huzieleza. Katika dawa hizo ya kwanza ni mume aliyekwisha ambiwa.

Na hapa pana mas'ala ya fiqhi ambayo wenye kutoa talaka kwa hasira katika umri huu hawaifikiri. Mwanamke aliyekwisha kata tamaa ya hedhi, eda yake ni miezi 3, kama ilivyotajwa katika Surat at-Talaq. Lakini aliyekatikiwa na damu bila ya sababu ijulikanayo, kabla ya kufika umri wa kukata tamaa, ana hukumu nyingine katika madhehebu ya Imamu Shafi. Kwa kauli mpya ya Imamu, hana budi kungoja mpaka damu irudi, au afike umri wa kukata tamaa, na umri huo, kwa iliyo dhahiri zaidi aliyoitaja Imamu Nawawi, hutazamwa kwa wanawake wote, na wanazuoni wameuweka mwisho wake miaka 62 ya mwezi. Basi mwenye kumwacha mke wa miaka 48, damu yake imekatika na haikurudi, kwa kauli hiyo amemtia katika eda ya miaka zaidi ya kumi. Haolewi. Na ikiwa talaka ni rejea, chakula chake na makazi yake yamo juu ya mume muda wote huo, pamoja na huyo mke mdogo aliyetakwa. Kwa kauli ya kale, hungoja miezi 9 ili tumbo lijulikane kuwa tupu, kisha hukaa eda ya miezi 3. Na wamo wanazuoni wa baadaye waliofutu kwa kauli hii ili kumwondolea mwanamke mashaka. Jambo kama hili hupelekwa kwa kadhi, halikatwi barazani.

Hapana mtu awezaye kuharimisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu, na mke wa pili ni halali kwa mwenye uadilifu na uwezo. Lakini nia huulizwa. Mwenye kuoa kwa sababu ya kuoa, huyo ameoa. Na mwenye kuoa ili aonekane kuwa hajazeeka, huyo ametafuta kioo, na kioo cha miaka 20 kikikaa mbele ya uso wa miaka 50, hakimwonyeshi ujana.

Amma mabadiliko ya moyo, haya ni mazito kuliko ya mwili na hayapimwi kwa mashine. Mtu hufika makamo akaanza kuhesabu kwa kinyume. Alikuwa akihesabu miaka aliyoishi, sasa ahesabu iliyobaki. Wazazi wake hufa, akajiona yeye ndiye aliye mbele katika safu. Kazi aliyoitumikia humwonekea kama chumvi iliyopoteza ladha. Watoto hawamtii kama zamani. Mwaka 1965 tabibu wa nafsi mmoja mzaliwa wa Kanada, Elliott Jaques, aliandika juu ya hali hii akaiita kwa jina la msiba wa katikati ya umri, na tangu hapo jina likaenea duniani. Wengine baada yake wamepima furaha ya watu katika nchi nyingi, wakaona huteremka mpaka kiasi cha mwisho wa miaka ya arubaini, kisha hupanda tena. Na wengine wamewapinga, wakasema si kila nchi iko hivyo. Hapana haja ya kuingia katika mashindano yao. Waislamu walikuwa na mfano wa jambo hili miaka mia nane na zaidi kabla ya Jaques, na mwenyewe aliuandika kwa mkono wake.

Naye ni Imamu Ghazali, hoja ya Uislamu, aliyezaliwa Tus mwaka 450 wa Hijra. Alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamia ya Baghdad, mwenye wanafunzi kwa mamia na jaha kwa makhalifa. Mwaka 488, yaani 1095 wa Miladi, naye ana miaka 38, alijitazama akaona kuwa masomo yake mengi ni kutafuta cheo na sifa. Alitaka kuondoka, akashindwa. Asubuhi huazimia, jioni azma huvunjika. Hali hiyo ilimkaa kiasi cha miezi 6, kuanzia Rajabu. Kisha ulimi wake ukafungwa. Alikaa mbele ya wanafunzi akataka kuwasomesha hata somo moja, neno halikutoka. Chakula hakikushuka. Matabibu wakakata tamaa, wakasema jambo hili limeanzia moyoni, kisha likaenea mwilini.

Basi msomaji atazame alivyofanya. Aligawa mali yake, akabakisha kiasi cha kuwatosha watoto. Akatoka Baghdad, akaenda Shamu, na Baitul Mukaddas, na Makka. Na yeye mwenyewe amekiri kuwa alidhihirisha kwenda Makka hali moyoni akikusudia Shamu, kwa kumwogopa khalifa na sahibu zake. Hata mtu kama huyu ilimlazimu kujificha kidogo; kwa hiyo wasilaumiwe sana wadogo. Mwaka 499 alirudi kusomesha, Nishapur, na akasema mwenyewe kuwa ijapokuwa amerudi kusomesha, hakurudi yule yule. Akafa mwaka 505.

Tofauti ya Ghazali na mtu wa Kagerankanda si katika maradhi, maradhi ni moja. Tofauti ni kuwa Ghazali alipoona unafsi ndani yake, aliuita kwa jina lake. Maalim wa mfano huu aliuita taa mbovu, na mtoto mkaidi, na mke mwenye jini.

Na asidhani mtu kuwa makamo ni kupungua tu. Imamu Shafi mwenyewe alizaliwa mwaka 150, akaingia Misri mwaka 199, naye ana miaka 49. Alikuwa na madhehebu yaliyokwisha enea Iraq, na wanafunzi, na vitabu. Mtu mwingine angekaa juu ya jina hilo akalila. Yeye alifika Misri, akayatazama upya yale aliyoyasema, akabadili mengi, akaandika upya Risala yake, na akasomesha yaliyokusanywa katika al-Umm; nayo ndiyo kauli mpya ambayo watu wa pwani hii huiabudia Mola wao hata leo. Yote hayo katika kiasi cha miaka 5, kwa kuwa alikufa mwaka 204, na miaka ile alikuwa akisumbuliwa na bawasiri, damu ikimtoka. Hata mas'ala ya eda yaliyotangulia hapo juu, kauli zake mbili ni kauli za mtu mmoja, moja kabla ya makamo yake kutimia na moja baada yake. Na karibu na zama hizi, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891, alianza kutoa gazeti lake la Sahifa mwaka 1930, akiingia arubaini, kisha al-Islah mwaka 1932, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alikufa 1947. Kazi iliyomjulisha kwa watu karibu yote ni ya miaka yake ya makamo.

Maalim alifanya nini? Kabla ya alasiri ya siku ya pili alikwisha shinda na njaa ya khofu. Watoto walipokaa, alimwita yule kijana mbele, akampa msahafu, akamwambia, "Soma jana uliposoma." Kijana akalisoma neno kama alivyofundishwa, yaani kwa makosa. Maalim akamwambia, "Soma kama ilivyoandikwa." Kijana akasita, akadhani ni mtego. Maalim akasema, "Mwanangu, jana wewe ulisoma sawa na mimi ndiye niliyekosa. Macho yangu hayaoni karibu. Leo nisomee wewe." Kijana akasoma, na wenziwe wakalirudia neno lile mara nyingi, mpaka lile la jana likatoka vinywani mwao. Siku ya gulio alikwenda Kasulu mjini, akarudi na miwani. Watoto walicheka siku moja, siku ya pili wakasahau. Habari ya mke mdogo haikutajwa tena katika nyumba ile. Na blanketi zikawa mbili, kila mtu na yake, ili mwenye kuungua aitupe asimfunue mwenziwe.

Zimebaki mas'ala chache ambazo mtu wa makamo huulizwa au huona haya kuziuliza.

Mvi kuzing'oa ni makuruhu. Kuzipaka hina, zikawa nyekundu au manjano, ni sunna. Siku Makka ilipofunguliwa aliletwa Abu Kuhafa, babaye Abubakari, kichwa na ndevu zake ni nyeupe kabisa, na Mtume akaamrisha zigeuzwe na uepukwe weusi. Kwa hiyo kanta nyeusi kwa mwanamume, kwa kauli ya Nawawi, ni haramu, isipokuwa katika jihadi. Wako walioona ni makuruhu tu, lakini aliyoisahihisha Nawawi ni hiyo.

Tezi dume, iliyo chini ya kibofu na ukubwa wake kwa kijana ni kama kungu ndogo, hukua kwa wanaume wengi. Katika miaka ya khamsini karibu nusu yao wanayo hali hiyo. Mkojo hukawia kuanza, mtu huamka usiku mara mbili tatu, na matone hubaki nyuma. Damu ikionekana, au mkojo ukifunga, ni kwenda hospitali siku ile ile. Kwa upande wa twahara, mwenye matone ya kubaki nyuma hufanya istibra, asisimame kwa haraka, akohoe, atembee hatua kadhaa mpaka ayakinishe yamekwisha. Amma yule asiyekatikiwa na mkojo kabisa, huosha, akajifunga kitambaa, akatawadha baada ya kuingia wakati, akasali bila ya kukawia, na kwa kila faradhi moja udhu mmoja. Akiwa na kitambo maalumu cha kukatika, kinachotosha udhu na sala ndani ya wakati, lazima asali katika kitambo hicho. Wasiwasi usipewe nafasi: akishuku kama tone limetoka au halikutoka, asili ni kuwa halikutoka.

Magoti nayo. Kusimama katika sala ya faradhi ni nguzo kwa mwenye kuweza. Asiyeweza, au ambaye kusimama humletea mashaka makali yanayoondoa khushui yake, atasali kwa kukaa, na thawabu yake haipungui. Lakini anayeweza kusimama akashindwa kusujudu tu, huyo husimama mahali pa kusimama, akaja kwenye kiti mahali pa kurukuu na kusujudu kwa kadiri awezavyo. Wengi siku hizi hukaa kitini tangu takbiri ya kwanza, kisha sala ikiisha huondoka wakasimama mlangoni kuzungumza nusu saa.

Na saumu: makamo peke yake si udhuru. Mwenye maradhi yasiyotarajiwa kupona, akaambiwa na tabibu mwaminifu kuwa saumu itamdhuru, atatoa kwa kila siku mudd moja ya chakula kinacholiwa zaidi katika nchi yake. Kwa mtu wa Mombasa au Unguja ni mchele. Kwa aliyeko Kagerankanda ni mahindi, na hatakiwi kuagiza mchele kutoka pwani kwa kudhani kuwa ndiyo bora zaidi. Wallahu aalam.